Demetrius Bado Ana Limbwata

Uchawi unatajwa kabla mchawi yeyote hajaonekana. Mzee Egeus anaingia barazani kwa mtawala wa Athens amefura kwa hasira, binti yake Hermia yuko naye, na shitaka lake ni kwamba kijana Lysander amemloga mtoto wake. Kwa vitu gani? Anavitaja mwenyewe: mashairi, nyimbo zilizoimbwa dirishani usiku wa mbalamwezi, vikuku vilivyosukwa kwa nywele, pete, vishada vya maua, vitu vitamu vitamu. Yaani uchumba. Kila anachopeleka kijana kwa msichana aliyempenda, baba huyu anakiita uganga, na anataka sheria ifuate mkondo wake: binti aolewe na Demetrius, chaguo la baba, au auawe.

Ndivyo inavyoanza Ndoto ya Usiku wa Kiangazi, futuhi ambayo William Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1595 au 1596 na ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1600. Wengi wanaikumbuka kwa majini wa msituni, maua, na mfumaji aliyeota kichwa cha punda. Ni tamthilia inayopendwa sana mashuleni na viwanjani wakati wa sikukuu, na sababu inaeleweka, kwa kuwa inachekesha kweli. Ila nadhani tumeizoea kama hadithi ya wazimu wa mapenzi kiasi kwamba hatuoni tena ni nani anayeushika wazimu huo mkononi na kuupaka watu machoni.

Baba wa namna ya Egeus ni mtu ambaye Shakespeare alimrudia mara nyingi. Waliosoma Mabepari wa Venisi kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere watamkumbuka Portia, msichana tajiri ambaye mume wake anaamuliwa na visanduku vitatu vilivyoachwa na baba marehemu. Mzee amekwisha kufa na bado anamwozesha binti. Miaka michache baadaye, katika Othello, baba yake Desdemona anasimama mbele ya wakubwa wa Venice na kulalamika yale yale ya Egeus, kwamba mwanawe hawezi kuwa amependa kwa akili zake, lazima kuna dawa. Kumbe dawa hakuna. Kwenye Ndoto dawa ipo, tena ya kweli, na hapo ndipo Shakespeare anapofanya mchezo wake: anayekuja kurogwa na kubaki amerogwa ni Demetrius, mkwe aliyechaguliwa na Egeus mwenyewe.

Tuipitie hadithi haraka. Theseus, mtawala wa Athens, anampa Hermia muda hadi mwezi uandame: amkubali Demetrius, afe, au akaishi utawani bila mume maisha yake yote. Hermia na Lysander wanatoroka kupitia msituni. Demetrius anawafuata. Helena, ambaye Demetrius alimchumbia kabla ya kumtupa, anamfuata Demetrius. Msituni humo Oberon, mfalme wa majini, amegombana na mkewe Titania. Oberon anamtuma kibwengo wake Puck amletee ua lililopigwa na mshale wa Cupid, mungu wa mapenzi. Mshale huo ulilenga malkia bikira wa magharibi ukamkosa, na inaaminika kwamba hiyo ni sifa anayopewa Malkia Elizabeth I. Utomvu wa ua lile ukipakwa kwenye kope za mtu aliyelala, akiamka atampenda kiumbe wa kwanza atakayemwona, awe simba, dubu au nyani. Kwa Kiswahili cha mtaani hilo ni limbwata, ila hili halitiwi kwenye chakula.

Puck anaagizwa ampake Demetrius, atamtambua kwa mavazi ya Kiathens. Anampaka Lysander. Lysander anaamka, anamwona Helena, anamwacha Hermia amelala chini peke yake, na maneno anayoyatoa ni ya kushangaza. Haimbi wala halii. Anatoa hoja. Anasema nia ya mtu huongozwa na akili, na akili yake inamwambia kwamba Helena ndiye msichana bora zaidi. Zamani, anaendelea kueleza, alikuwa bado mchanga, akili yake haijakomaa, sasa imekomaa. Haya yanasemwa na mtu ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa amelala usingizi na dawa inamkaukia kwenye kope.

Sijui kama kuna mahali pengine Shakespeare alipotucheka kwa ukali kuliko hapo. Kila aliyewahi kumwacha mtu akaeleza kwamba "nimekua, nimetafakari" amesimama alipo Lysander. Na jibu la hoja hiyo linatoka kwa Bottom, mfumaji, wakati Titania anapomwambia kwamba anampenda. Bottom ana kichwa cha punda wakati huo, alichovikwa na Puck, na Titania ameshapakwa dawa. Anamjibu malkia kwa adabu kwamba haoni sababu ya yeye kupendwa, ingawa, kusema ukweli, siku hizi akili na mapenzi haviandamani sana. Katika msitu mzima usiku ule, mwanamume aliyebadilishwa umbo ndiye pekee aliyebaki na akili zake. Hakuna aliyempaka chochote machoni.

Na hebu tuhesabu waliopakwa: Lysander, Demetrius, Titania. Hermia na Helena hawakuguswa. Wasichana hawa wawili wanampenda kila mmoja wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika mvua ya matusi, wakikimbiwa, wakitukanwa urefu na ufupi, wakivunja urafiki wa tangu utotoni uliokuwa kama matunda mawili kwenye kikonyo kimoja. Ugomvi wao wa usiku ule ndio sehemu inayochekesha kuliko zote, na mwigizaji mzuri akimpata Hermia, yule mfupi mwenye makucha, ukumbi huvunjika mbavu. Lakini ukiambiwa kwamba tamthilia hii inathibitisha kuwa mapenzi hayana msimamo, uliza: mapenzi ya nani?

Alfajiri inapokaribia, makosa yanarekebishwa. Lysander anapakwa dawa ya kuondoa ile ya kwanza, anarudi kwa Hermia. Titania naye anafunguliwa. Demetrius hafunguliwi. Hakuna mstari hata mmoja ambapo Oberon au Puck anaikumbuka ile dawa kwenye kope zake. Anaamka nayo, anaoa nayo, na pazia linapofungwa bado anayo.

Wapo wanaomtetea, na utetezi wao si wa kudharau. Wanasema Demetrius alimpenda Helena kwanza, tena kwa viapo; kumtaka Hermia ndio ulikuwa ugonjwa, na ua limemrudisha alikokuwa. Yeye mwenyewe anasema hivyo asubuhi mbele ya Theseus: hajui ni nguvu gani, lakini mapenzi yake kwa Hermia yameyeyuka kama theluji, na yeye sasa ni kama mgonjwa aliyekichukia chakula kisha akapona, ladha yake ya asili ikarudi. Inapendeza masikioni. Shida ni kwamba tumekwisha kumsikia Lysander akisema maneno ya ukoo huo huo akiwa amerogwa. Kumbe mtu aliyelishwa limbwata husema "sasa nimepona" kwa uhakika ule ule wa aliyepona kweli, na mtazamaji hana njia ya kutofautisha. Helena anaionja mashaka hiyo. Anasema amempata Demetrius kama mtu aliyeokota kito: ni chake, na si chake. Mwenye mali anaweza kutokea wakati wowote. Halafu anakwenda kufunga naye ndoa.

Kwa njia, ule muziki wa maharusi tunaoupiga hadi leo makanisani na kumbini, Felix Mendelssohn aliutunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia hii. Ulipotumika mwaka 1858 kwenye harusi ya binti wa Malkia Victoria ukawa wa dunia nzima. Maharusi wengi wametembea kwa muziki ulioandikiwa sherehe ambayo bwana harusi mmoja alikuwa na dawa machoni.

Lakini jambo lililonikaa zaidi si Demetrius, ni Theseus. Mwanzoni alimwambia Hermia kwamba sheria ya Athens hawezi kuilegeza kwa njia yoyote. Hermia alikuwa amejieleza vizuri, bila kutetemeka. Alitamani baba yake angetazama kwa macho yake, na Theseus akamjibu kwamba macho yake ndiyo yanayopaswa kutazama kwa busara ya baba. Asubuhi ya kutoka msituni, Egeus anaidai sheria ile ile mbele ya mtawala yule yule, na Theseus anaifuta kwa sentensi moja: nitaipindua nia yako, Egeus, vijana hawa wataoana pamoja nasi. Nini kimebadilika katikati? Hermia ni yule yule, na hoja yake ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba Demetrius hamtaki tena. Sheria isiyoweza kulegezwa imelegea mara tu mwanamume alipobadili nia, na nia hiyo imebadilishwa kwa utomvu wa ua. Demetrius angeamka na moyo wake wa jana, Hermia angelazimika kuchagua siku ile ile kati ya kaburi na utawa. Kwa kipimo hicho furaha ya mwisho imetokana na bahati, na dhuluma ya mwanzo haikuguswa.

Sasa tumrudie Titania, kwa sababu huko ndiko dawa inakotumika bila kosa lolote, kwa makusudi, tena na mume.

Ugomvi wao ni juu ya mtoto. Oberon anamtaka mvulana mdogo kutoka India awe mtumishi katika msafara wake. Titania anakataa, na maelezo yake ni kati ya mistari mizuri kuliko yote katika tamthilia. Mama wa mtoto alikuwa mfuasi wake. Walikaa pamoja usiku kwenye mchanga wa ufukweni, katika hewa ya India yenye harufu ya viungo, wakitazama majahazi ya wafanyabiashara, wakicheka jinsi tanga zinavyoshika mimba na kuvimba matumbo kwa upepo. Mama huyo, mjamzito naye, alikuwa akiigiza mwendo wa majahazi, akienda kumletea rafiki yake vitu vidogo vidogo na kurudi kama chombo kilichotoka safari na shehena. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa picha hiyo. Ni bahari yetu hii hii, na pepo hizo ndizo zilizowaleta watu Mombasa na Zanzibar kwa karne nyingi. Kisha Titania anamaliza: lakini kwa kuwa alikuwa binadamu, alifariki akimzaa mtoto huyo, na kwa ajili yake namlea, na kwa ajili yake sitaachana naye.

Hayo ni mapenzi pia, na ndiyo pekee katika tamthilia yenye historia, deni na kumbukumbu. Oberon hayajibu. Anakwenda kutafuta ua.

Huku kwetu limbwata husemwa kwamba ni kazi ya wanawake. Mume akiwahi kurudi nyumbani, akiosha vyombo, majirani wanacheka: huyo kalishwa. Shakespeare amegeuza meza. Mume ndiye anayempaka mkewe, na kusudi lake si kupendwa. Anataka amdhalilishe mpaka amnyang'anye kitu. Titania anaamka, anamwona Bottom na masikio yake marefu, na anauliza ni malaika gani anayemwamsha. Ukipenda, chongo huita kengeza, walisema wazee. Lakini methali ile inamhusu anayependa mwenyewe, na Titania hakupenda mwenyewe. Bottom anaomba shayiri na majani makavu, anataka akunwe kichwa, anawasalimia majini wadogo mmoja mmoja kwa heshima kama mgeni aliyefika ugenini. Tunacheka. Oberon amesimama kando, naye anatazama.

Baadaye anamsimulia Puck alichofanya, na anasimulia kwa raha: alimkuta mkewe akimtafutia punda yule maua, akamsimanga mpaka akatosheka, mke akamwomba uvumilivu kwa upole, ndipo alipomdai mtoto, naye akampa papo hapo. Ridhaa imetolewa na mtu aliyetiwa dawa na anayeidai ndiye aliyeitia. Baada ya hapo ndipo anapomhurumia na kumfungua. Titania anaamka akisema ameota kwamba alimpenda punda, anaomba aelezwe ilikuwaje akakutwa amelala na binadamu, na mvulana hamtaji tena hata mara moja. Yule rafiki aliyecheka naye ufukweni anatoweka kwenye tamthilia pamoja na mtoto wake, ambaye Shakespeare hakumpa hata mstari mmoja wa kusema.

Kuna wanaosema ni lazima wapatane, maana ugomvi wao umeharibu dunia: Titania anaeleza mito iliyofurika, nafaka iliyooza kabla ya kukomaa, majira yaliyovuruga mavazi yao. Watazamaji wa wakati ule walijua njaa hiyo, kwani mvua za katikati ya miaka ya 1590 ziliharibu mavuno Uingereza mwaka baada ya mwaka. Sawa, amani ilihitajika. Lakini aliyelipia amani ni mmoja tu.

Kuhusu ndoto, tamthilia ina ujanja unaopita kirahisi. Karibu kila kitu kinachoitwa ndoto humo kilitokea kweli: Titania alikuwa na punda, Lysander alimkimbia Hermia, Bottom alilala kitandani kwa malkia. Ndoto halisi, ya mtu aliyelala usingizi, ni moja. Hermia anaota nyoka anamla moyo, na Lysander amekaa pembeni anatabasamu. Anaamka akimwita, na Lysander hayupo, kwa sababu sekunde chache kabla amekwisha kumkana na kuondoka kumfuata Helena. Ndoto pekee ya kweli katika tamthilia ni habari sahihi kuliko zote, na hakuna anayeisikia. Asubuhi, wote wakisimuliana ndoto zao njiani, Hermia haitaji hiyo. Anasema tu kwamba anaona vitu kwa macho yaliyotengana, kila kitu kinaonekana viwili.

Bottom yeye anaamka akijaribu kuieleza yake, anakwama, anavuruga maneno ya Paulo kwa Wakorintho hadi jicho linasikia na sikio linaona, na anaamua kwamba atakayejaribu kuifasiri ndoto hiyo ni punda. Naye ndiye anayeweza kulisema hilo kwa uzoefu.

Theseus hana subira na hayo yote. Kwake kichaa, mpenzi na mshairi ni watu wa kundi moja, wamejaa mawazo kichwani, na hadithi za kale yeye haziamini. Anasema hivyo bila kukumbuka kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa hadithi za kale. Anayemjibu ni Hippolyta, malkia wa wanawake wapiganaji ambaye Theseus, kwa maneno yake mwenyewe, alimchumbia kwa upanga. Hippolyta anasema kwamba vijana wanne wakisimulia usiku mmoja na masimulizi yao yakashikana, hilo linazidi njozi. Ana haki, kwa ushahidi tuliouona wote. Theseus hamjibu, maana maharusi wanaingia.

Huyu Theseus wa mchana na Oberon wa usiku wanafanana mno, na Peter Brook aliliona hilo kuliko wengi. Katika onyesho lake la mwaka 1970 huko Stratford, Alan Howard aliigiza wote wawili, na Sara Kestelman akawa Hippolyta na Titania. Msitu haukuwepo; palikuwa na kuta nyeupe tupu, bembea za sarakasi, na ua la mapenzi lilikuwa sahani inayozunguka juu ya kijiti. Mtu mmoja anatawala kwa sheria kukiwa na mwanga na kwa dawa kukiwa na giza. Baada ya hapo ni vigumu kuirudisha tamthilia hii kwenye mabawa ya karatasi. Mwaka 2019, ukumbi wa Bridge huko London, Nicholas Hytner alibadilisha mikono: Titania ndiye aliyeshika ua, Oberon ndiye aliyeamka na kumpenda Bottom. Watu walifurahi sana. Mimi naona ilikuwa njia ya kukwepa. Ukimpa mwanamke dawa ile, kicheko kinakuwa huru, kwa sababu hakuna anayeogopa. Na tamthilia inapoteza kile kinachoifanya isikae vizuri tumboni. Mwandishi wa shajara Samuel Pepys aliitazama mwaka 1662 akaandika kwamba hajawahi kuona mchezo wa kipuuzi kama huo maishani mwake. Alikosea, lakini angalau hakujifanya kila kitu kiko shwari.

Sehemu ya tano yote ni karamu. Mafundi wa Athens, yaani seremala, mfumaji, mshonaji na wenzao, wanaigiza mbele ya wakubwa kisa cha Pyramus na Thisbe, wapenzi waliotenganishwa na wazazi wakafa wote wawili. Wakati wa mazoezi walikuwa na hofu moja: simba akinguruma sana mabibi watashtuka, nao watanyongwa wote. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mwaka 1594, kwenye sherehe ya ubatizo wa mwana wa mfalme wa Uskochi, simba aliyepangwa kulivuta gari aliondolewa ili asiwatishe wageni, na mtu mweusi akawekwa kulivuta badala yake. Kwa hiyo fundi Snug anajieleza mapema: mimi si simba, ni Snug, fundi wa samani.

Lysander na Demetrius wanawakejeli mfululizo. Ukuta unaongea, Demetrius anasema hajawahi kusikia ukuta wenye akili hivyo. Mwezi unaingia na taa yake, anatania. Pyramus anakufa, anatania. Hermia na Helena wamekaa papo hapo, wameolewa, na katika sehemu hiyo nzima Shakespeare hakuwaandikia neno hata moja. Waongozaji wengi huwafanya wacheke pamoja na waume zao, kwa kuwa kimya jukwaani kinatisha. Kitabu hakisemi wacheke. Ningependa kumwona Helena mmoja ambaye, kisa cha Pyramus kikiendelea, hatazami mchezo kabisa, anamtazama mumewe anavyotania, na kila utani mpya unamfanya ahesabu upya.